Pedali ya Upande wa Mwalimu

"Wanafunzi mia sita nimewaweka barabarani," mjomba alitangaza kwenye kipaza sauti, siku shule ya udereva ilipotimiza miaka kumi, "na breki ya upande wangu haijui hata soli ya kiatu changu ikoje."

Watu walipiga makofi mpaka soda zikamwagika. Gari la mafunzo lina pedali mbili za breki, moja ya mwanafunzi, nyingine miguuni pa mwalimu, na mjomba aliichukulia ya kwake kama mama mkwe: ipo, anaiheshimu, haigusi.

Miezi minne baadaye, kwenye kona ya duka la dawa, mwanafunzi wake mmoja, muuza mitumba, alikanyaga mafuta badala ya breki na kumgonga mwendesha baiskeli. Yule bwana alikatwa mguu. Polisi waliandika ajali. Tangu siku hiyo mguu wa kulia wa mjomba ukawa unakanyaga sakafu wenyewe: mezani, kwenye kiti cha kinyozi, hata usingizini. Mkewe alihamia chumba cha watoto, si kwa ugomvi, kwa mateke.

Mkuu wa shule alimpa miezi mitatu alete barua ya mtaalamu kwamba kichwa kimetulia, la sivyo kazi basi. Ukoo ukanichagua mimi nimsindikize. Niliacha diploma ya ustawi wa jamii muhula wa tatu, na kwao hiyo ni nusu ya udaktari.

Taabu ni kwamba mjomba aliwapima wataalamu kwa maegesho. Tulikuwa tunafika mapema, tunasimama dirishani, tunaangalia mtu anavyoingiza gari. Wa kwanza, daktari wa magonjwa ya akili wa hospitali kuu, aliliacha lake limekalia mstari.

"Gari moja nafasi mbili," mjomba alisema. "Huyo kichwa changu atakiegesha wapi?"

Tuliingia hivyo hivyo. Dakika sita. Daktari aliandika vidonge bila kuinua uso. Vilimlaza mjomba siku tatu, mguu ukaendelea na kazi kama kibarua asiyeambiwa kuwa leo ni Jumapili.

Kwenye kliniki ya pili, gari lilirudi nyuma mara moja tu, taratibu, likakaa katikati ya mistari kama limechorwa. Uso wa mjomba ukachangamka. Aliyeshuka alikuwa mhasibu. Mwanasaikolojia mwenyewe alikuja baadaye na kuligonga pipa la taka, na mjomba akanishika mkono tukaondoka. Nikamwambia tunatafuta wa kumsikiliza, siyo dereva. Akaniambia ninyamaze, mimi hata baiskeli sikumaliza kujifunza. Neno baiskeli lilipomtoka, mguu ukaanza kukanyaga sakafu ya daladala mpaka nyumbani.

Zikabaki wiki tatu. Wa tatu alikuwa mshauri nasaha wa kituo cha afya, chumba kimoja nyuma ya stoo ya dawa, viti vya plastiki. Mama wa makamo, alikuja kwa miguu, viatu mkononi kwa ajili ya matope. Mjomba akakosa cha kupima. Alitaka nikae naye ndani, nikakaa.

Yule mama hakuandika kitu. Aliuangalia mguu ukikanyaga, kisha akauliza, "Baba, huyo unayemfungia breki ni nani?"

Mjomba aligeukia ukuta.

"Mguu wangu haukuwepo," alisema. "Niliukunja chini ya kiti. Nilishasema mbele ya watu kwamba siigusi, basi kila siku naukunja. Yule wa baiskeli nilimwona mapema. Nikasubiri mwanafunzi akanyage mwenyewe."

Mama hakumpoza wala hakumlaumu. "Nimekusikia, baba. Njoo Alhamisi, tuanzie hapo hapo."

Njia nzima niliutazama ule mguu. Ulikuwa mguu tu, unatembea.

Alhamisi tulimkuta kijana mwenye beji mpya. Mama alikuwa amehamishwa, barua ilitoka Jumatatu. Faili lilikuwa tupu, maana hakuandika hata mstari. Kile tulichompendea ndicho kilichotumaliza.

"Mzee wangu," kijana alisema kwa adabu kabisa, "naomba tuanze mwanzo. Ilikuwaje?"

Mjomba akasema anaumwa mgongo. Kijana akaandika mgongo.

Nje nilimsihi arudi, nikajitolea kumsemea.

"Lile nimeshalisema," alijibu. "Silisemi tena." Mguu ulikuwa umeshaanza, unatimua vumbi.

Barua tuliyopeleka shuleni ilizungumzia mgongo. Mkuu aliisoma mara mbili, akaikunja, akampa mjomba mkono wa kwaheri. Gari nalo liliuzwa. Siku mjomba alipofuata koti lake, alimkuta fundi anaing'oa pedali ya pili, kwa kuwa mnunuzi hakuwa na haja nayo. Raba ya pedali hiyo ilikuwa mpya, haijalika hata pembe.

Muuza vipuri aliichukua kwa elfu nane.