Kidole cha Bi Tone

Asubuhi ya mwisho iliyokuwa asubuhi tu, Bi Tone alikaa ukingoni mwa kitanda akigombana na kiatu. Mguu uliingia kwa shida, ukanda haukufika kwenye tundu.

"Viatu hivi vimesinyaa," alisema.

"Plastiki isinyae?" mumewe akamuuliza. "Sema umenenepa."

"Ninenepe kwa kipi? Kwa mkate mkavu unaoniletea?"

Mumewe alikuwa fundi bomba. Alichukua msumari na nyundo, akatoboa tundu jipya kwenye ukanda. Kiatu kikafunga. Akajiona mume mwema.

Tundu lile analiona mpaka leo.

Jina la Bi Tone alipewa kazini, kwenye maabara ya kituo cha afya. Shule hakukaa sana. Aliingia pale na ufagio, akafagia miaka sita, mpaka mkuu wa maabara alipoona kwamba mkono wa mama huyu hautetemeki hata akiwa na hasira. Akamfundisha kazi ya kadi.

Kadi zenyewe ni vipande vya plastiki, ukubwa wa stempu. Ndani mna vijifereji vyembamba kama unywele. Unadondosha tone moja la damu mlangoni, damu inajivuta yenyewe, hakuna pampu wala umeme. Inakata kona mbili, inafika palipopakwa dawa. Figo zikianza kuugua huacha alama yake kwenye damu, mwenyewe hajahisi lolote, na dawa ile huikamata alama. Mstari mmoja wa buluu, uko salama. Miwili, figo zinaumwa.

Fundi alipoonyeshwa mara ya kwanza alicheka. "Kumbe tuna kazi moja. Mimi mabomba ya maji, wewe mabomba ya damu."

"Tofauti ni kwamba yangu hayavuji," mkewe akamjibu.

Kila boksi jipya la kadi lilitakiwa kuonjwa, yaani kujaribiwa, kabla halijatumika kupimia wagonjwa. Watengenezaji walikuwa na kichupa chao cha damu salama ya kuonjea, lakini kichupa kilichelewa kila mara, na wagonjwa hawachelewi. Basi Bi Tone alikuwa akijichoma kidole. Damu yake ni safi, kila mtu pale alijua. Ikitoka mistari miwili, basi boksi ni bovu. Miaka tisa kidole kile kilikuwa ndicho mzani wa maabara.

Halafu likaja boksi lililotoa miwili. Akalikataa, akaliweka kabati la chini lirudishwe. Wiki iliyofuata, la pili. Kisha la tatu. Waliokuja kupimwa waliambiwa kadi hakuna, rudini nyumbani.

"Kiwandani siku hizi wanalala," alisema asubuhi ile wakinywa chai. "Leo linafika la nne. Nikiona miwili tena, nawaandikia barua yenye meno."

"Weka na magego."

Alicheka, akatoka. Alikuwa anachechemea kidogo. Fundi alimwona, akamaliza chai yake.

Siku hiyo fundi aliitwa shuleni. Koki tatu za uani zilikuwa zinatoa maji ya kutu.

"Fundi, tubadilishie zote tatu," mwalimu mkuu alisema. "Zimekufa."

"Mwalimu, koki tatu hazifi wiki moja kama zimekula kiapo. Koki hazina kosa. Tukaangalie tangi."

Alipomaliza kusema, spana ikabaki hewani. Maboksi matatu. Kidole kimoja.

"Mwalimu, nakuja."

"Unakwenda wapi, na maji yanamwagika?"

"Funga koki kuu pale ukutani. Nakuja!"

Magoti yake hayakuwa ya kukimbia, lakini alikimbia. Njiani alijitukana. Uso wa mkewe ulipovimba asubuhi, alimwambia amelala vibaya. Mguu ulipovimba, akatoboa ukanda. Miaka arobaini anawaambia watu waangalie tangi!

Maabara, benchi la nje lilijaa watu. Ndani, Bi Tone alikuwa na kadi mezani, mistari miwili, na boksi la nne ameshaanza kulifunga kwa utepe wa gundi.

"Nichome mimi," fundi alisema, akihema.

"Umepatwa na nini wewe? Umeacha kazi?"

"Nichome, mke wangu."

Alimchoma. Damu ikajivuta, ikakata kona ya kwanza, ya pili. Walisubiri. Fundi hakuweza kusimama sehemu moja. Mstari ukatokea mmoja. Wakasubiri wa pili. Hakuna.

Bi Tone alichukua kadi nyingine, akajichoma tena. Miwili.

Mkuu wa maabara aliacha kuandika.

"Kumbe kinyozi hajinyoi," Bi Tone alisema taratibu. Kisha akainama akatazama kiatu chake.

Alilazwa siku hiyohiyo. Daktari alisema ugonjwa ulikuwa wa siku nyingi, wiki tatu zisingebadili kitu. Fundi hakumwamini. Hamwamini hata sasa. Watu husema mficha maradhi kilio humuumbua. Huyu hakuficha. Aliyaona kila wiki, akayafungia kabatini. Baada ya wiki saba alifariki.

Fundi hakai. Anafungua koki ya jikoni, anaifunga, anaifungua tena kuhakikisha. Anakwenda mpaka mlangoni, anasahau alikuwa anaenda wapi. "Baba, kaa chini kidogo," binti yao humwambia. Anakaa. Chai haijapoa, ameshasimama.

Mkuu wa maabara alipita juzi kumjulia hali. Maboksi yote manne yalifunguliwa, na waliorudishwa nyumbani wakapigiwa simu mmoja mmoja. Wawili walikutwa na mistari miwili, mapema, na wanatibiwa. Siku hizi kichupa kinasubiriwa. Hakuna tena kidole.

Fundi alisikiliza amesimama. Alikuwapo wodini siku ile ya kulazwa, wakati mkuu huyuhuyu alipofika analia, anasema, "Mama, tusamehe." Bi Tone alimwambia avute kiti. Akamwambia, "Acha kulia, sikiliza. Kadi zilikuwa nzima, mbovu mimi. Waiteni watu wangu."