Pembe ya Harusi

Baba alipopiga pembe kuomba msaada, wanawake wa kijiji cha Kipungani walimjibu kwa vigelegele.

Leo fundi ananiuliza anifungie honi gani kwenye mashua yangu, na harufu ya sifa, mafuta ya papa anayopaka mbao, imenirudisha huko. Baba naye aliulizwa hapa hapa Matondoni. Mvua ya masika ilipofunika bahari, spidiboti zilikuwa zikipita bila kuona tanga, ndiyo maana mashua ilihitaji honi.

"Chukua ya betri," alisema ami yangu.

"Betri ikinywa chumvi yafa," baba alijibu. "Pembe yataka pumzi tu."

Mama alicheka. "Pembe ni ya harusi, Bwana. Watakungoja na halua."

Baba aliitundika pembe ya nyati karibu na usukani, kwa kamba ndefu ya kufika mdomoni. Aliniacha niipulize. Ilikuwa na ladha ya moshi.

Siku ile ya mvua, Kipungani walikuwa wakingoja mashua ya bwana harusi. Walisikia pembe, wakashangilia mpaka iliponyamaza.

Mashua yetu ilipatikana imepasuka ubavu, bila baba, bila pembe. Kamba ilikuwa bado pale. Haikukatika, fundo lilikuwa limefunguliwa kwa mkono; baba aliingia majini na pembe yake, bado akiwaita.