Haki ya Kujibu Ngomani

Harusi yangu ilikaribia kuwa ya kimya, na sijui kama bibi harusi anaweza kupata balaa kubwa kuliko hilo. Kwetu mtaa wa Ng'ambo, harusi isiyo na ngoma ya wanawake na vijembe vyake ni pilau isiyo na bizari: utakula, utashiba, lakini huna cha kuhadithia.

Aliyetuponza ni khalati yangu, ndugu yake mama. Kwenye harusi ya jirani, ngoma ilipokolea, alimwimbia mama wa mchumba wangu kwamba yeye ni mtu wa kuja, arudi kwao bara. Mapinduzi hayakuwa na miaka mingi, na maneno ya asili za watu yalikwisha kututoa machozi vya kutosha. Hakuna aliyecheka. Mavyaa wangu mtarajiwa alijitanda kanga yake akaondoka. Kesho yake habari zikafika kwenye tawi la chama, na mwenyekiti akatoa amri: vijembe marufuku mtaa mzima, vya kila namna.

Nilimkasirikia khalati, nikamkasirikia na mwenyekiti. Kakosa mmoja, tunafungwa midomo sote! Hata mke aliyetaka kumsema mumewe kwa uvivu ikabidi anyamaze.

Mama akaamua kwenda kuomba ruhusa, nami nikamfuata na buibui langu. Tulipofika tawini tukamkuta mavyaa keshakaa kwenye benchi. Nilidhani kaja kushitaki, na posa yangu ndiyo imekwisha.

"Mwenyekiti, aliyetukanwa mimi," alianza. "Basi nsikilize mimi. Ngoma usiifunge."

"Bi mkubwa, si wewe nnayekulinda?"

"Umenlinda kwa kunziba mdomo. Mie nna jawabu langu, ntalitoa wapi?"

Akamweleza anavyoona. Mtu aimbwe kwa alilolitenda: choyo chake, umbea wake, kiburi chake. Alikozaliwa, rangi yake na dini yake visiguswe, na atakayevigusa ashitakiwe yeye peke yake. Na kila aliyechomwa apewe ngoma papo hapo, ajibu.

Mwenyekiti alijikuna kidevu. "Na sisi wa tawi, mtatuimba?"

"Mkitenda," mama akadakia.

Nilitamani ardhi inimeze, lakini mwenyekiti aliangua kicheko. Akasema tujaribu kwa harusi hii moja, kisha ataona.

Siku yenyewe nilikuwa chumbani nimepambwa, sikio nimelitega dirishani. Nikasikia mavyaa anaomba ngoma. Asubuhi ile ile khalati, bila ya haya, alikuwa kenda kwake kuazima sinia la kupakulia. Mavyaa akaimba:

Ulimi wanichomea,
mkono waniombea,
sinia nakutolea,
pakua, tule pamoja!

Vigelegele vilitaka kung'oa makuti. Nilicheka mpaka wanja ukanichuruzika, na somo yangu, aliyekuwa akinipamba, akanifokea huku naye anacheka. Kisha ngoma ikapelekwa kwa khalati, maana ndiyo haki yake. Tukangoja. Mwanamke huyu hajapata kukosa jawabu tangu nimjue.

"Leo sina," alisema. "Nsamehe, mwenzangu."

Wakala sinia moja. Sikuwaona, lakini nilisikia wakigombania nyama, na nilifurahi kupita kiasi.

Mwenyekiti hakuirudisha tena ile amri. Wiki mbili baadaye aliimbwa yeye, kwa kujipitisha mbele kwenye foleni ya sukari, na akaenda nyuma kupanga kama watu wengine.

Nikiwa fungateni, mavyaa alikuja kunitazama. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu," akajibu, akanishika mkono, akakaa nao muda. Nilimshukuru kwa kuiokoa harusi yangu.

"Skuiokoa harusi," alisema. "Lau wangeifunga ngoma ile, jawabu langu lingenkaa kifuani, na wa kumlipizia kisasi ningekuona wewe."