Santuri ya Opal Ratliff

Wakusanyaji wa santuri za kale huko mashariki mwa Tennessee wana imani moja ambayo haikuandikwa popote: mwanamuziki mzuri ni yule aliyekwisha kufa. Ikiwezekana awe amekufa maskini, na nakala ya santuri yake iwe imebaki moja. Lowell Guffey, dereva mstaafu wa basi la shule, aliishika imani hiyo kuliko ile ya kanisani, na kanisani hakukosa.

Santuri zilimjaa sebuleni, zikaingia chumba cha wageni, ndiyo maana hakuwa na wageni. Alikuwa na nyimbo za milimani za banjo na fidla, alikuwa na wachimba makaa walioimba kwa mapafu mabovu, na alikuwa na zile za ajabu-ajabu, ambazo mtu hukwaruza gitaa kwa kijiko huku jokofu likinguruma nyuma yake. Nadine, mkewe, alizipenda zile za kwanza. Za vijiko alizivumilia kama mtu anavyomvumilia shemeji.

Lakini kilichomnyima Lowell raha ni santuri ambayo hakuwa nayo. Ilikuwa ya Opal Ratliff, mwanamke wa milimani aliyeitoa kwa fedha zake mwenyewe miaka ya sabini. Ilisemekana kwamba aliimba tenzi za mazishi juu ya ngurumo za kiwanda cha mbao cha mumewe, ngurumo alizozinasa kwenye utepe kisha akazipunguza mwendo hadi zikawa kama ng'ombe anayeota. Ilisemekana tu, kwa sababu hakuna aliyepata kuisikia. Nakala iliyojulikana ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya mkusanyaji mwenzake Lowell, Wendell Stamper.

Hapo ndipo kijiba cha roho kilipoota. Lowell alikuwa amegonga milango ya kila bonde, ameumwa na mbwa wa kila rangi. Wendell aliiokota katika uwanja wa kanisa, siku waumini wanapouza vikorokoro vyao, naye alikwenda kutafuta kikaango. Na si kuokota tu: ilikuwa bado imo ndani ya nailoni yake ya kiwandani. Santuri iliyofungwa haifunguliwi, hiyo ndiyo ada. Hutazamwa, hupakatwa, husifiwa. Anayeichana nailoni huhesabiwa pamoja na wale wanaoanika nguo juu ya makaburi.

Mara moja kwa mwezi, Jumapili baada ya ibada, walikutana dukani kwa Corliss, mjane aliyeuza santuri nzuri na kahawa mbaya. Kila mtu alileta santuri moja ya kupigwa. Wendell alileta ile isiyopigwa, akaipitisha mkono kwa mkono.

"Ishike pembeni, Lowell."

"Nilianza kuzishika wewe ukiwa bado mtu wa kaseti."

"Kweli kabisa, mzee wangu. Na hii bado hujaipata." Wendell akawageukia wenzake. "Kikaango nacho nilikipata, jamani. Mayai hayashiki hata kidogo."

Wakacheka. Lowell naye akacheka, kicheko cha mtu anayeng'olewa jino. Ili asimtazame Wendell usoni akaigeuza santuri, na chini kabisa ya jalada akaona jina la posta ya kijiji kimoja mlimani. Ndipo likamjia wazo ambalo halijawahi kumjia mkusanyaji yeyote: je, kama hajafa?

Hakumwambia mtu. Jumanne akapanda mlima, akauliza posta, na mwanamke wa dirishani akamwelekeza kana kwamba ameulizwa kiliko choo.

Opal Ratliff alikuwa ameketi barazani anamenya maharage. Alikuwa ajuza wa mikono mikubwa na nywele nyeupe pe.

"Wewe ndiye wa bima?"

"Hapana, Bi Opal. Nimekuja kwa ajili ya santuri yako."

"Heh! Umechelewa, mwanangu. Nyingine zote niliezekea banda la kuku. Imebaki moja, nimeiweka ipigwe siku ya mazishi yangu." Akafikiri kidogo. "Ila siku hiyo mimi sitasikia. Sasa ina faida gani? Ngoja."

Akaileta. Ilikuwa ndani ya nailoni yake. Lowell alitaka kupiga magoti, na kabla hajaamua goti lipi litangulie, Bi Opal alikwisha kuichana kwa ukucha uleule wa maharage.

"Bi Opal, la!"

"La nini?"

Akaiweka kwenye mashine iliyokuwa na umri wake, na juu ya mkono wa sindano akaweka sarafu, ili isiruke. Kisha akafumba macho. Lowell hakufumba. Aliitazama sarafu. Aliiona sindano ikilima kama jembe katika shamba la watu, akawa anahesabu moyoni kila kijipande cha thamani kilichokuwa kikibanduka. Upande wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha.

"Umeionaje?"

"Nzuri," Lowell akasema. Akatoa ombi la kuinunua, akajibiwa kwamba maiti hauzi vyake. Akapewa maharage na mkate wa mahindi, akala, akarudi nyumbani.

Hakurudi na kitu, lakini alirudi na neno. Walipokutana tena dukani mwezi uliofuata, alingoja Wendell aipitishe santuri yake.

"Hiyo ya Opal? Nimeisikia," Lowell akasema, akikoroga kahawa. "Pande zote mbili. Nimekaa naye goti kwa goti, barazani kwake."

Wendell alibadilika rangi, na Lowell aliitazama rangi hiyo kwa raha isiyo na kifani.

"Ikoje?" Wendell akauliza.

Lowell akafungua kinywa. Alichokikumbuka ni sarafu.

"Haielezeki."

"Wewe?" Corliss akadakia. "Wewe uliyetueleza mlio wa jokofu adhuhuri nzima?"

"Haielezeki, nimesema."

Wendell alisimama. Hasidi hana sababu, wasemavyo, ila huyu alikuwa nayo. Akatoa kisu cha mfukoni, na mbele ya watu wote akaichana nailoni. Mtu mmoja alivua kofia.

Ikapigwa. Kwanza ngurumo, nzito na taratibu, kisha sauti ya mwanamke ikapanda juu yake bila haraka, kama mtu anayepanda ngazi za nyumba yake gizani. Wote walimtazama Lowell, yeye aliyejua. Naye akawa anatikisa kichwa pale alipodhani panafaa, ingawa ndiyo kwanza anaisikia, na hakuwahi kusikia kitu kama kile.

Upande ukaisha. Wendell akainua sindano, akajifuta macho bila aibu, akaanza kuirudisha santuri katika jalada.

"Na upande wa pili?" akauliza Corliss.

"Huo nitausikiliza nyumbani na mke wangu." Akamgeukia Lowell. "Wewe si ulishausikia, ndugu yangu?"

"Nimeusikia," akasema Lowell, macho yakiifuata santuri ikizama ndani ya jalada. "Ni mzuri kuliko huo."