Albadiri ya Sanda ya Bibi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, sijahitimu hata juzuu moja, kisasi nilikuwa nimeshakihitimu. Aliyenifundisha ni Bibi, mama yake mama, katika nyumba yake ya udongo juu ya Matombo, upande wa mlima ambako kengele ya misheni ilisikika lakini haikumwamsha mtu.

Baba yake Bibi ndiye aliyeileta dini pale. Alikwenda Bagamoyo amebeba mzigo wa tajiri, akarudi amesilimu, ana kanzu, amejifunza kusali na kufunga. Basi Bibi alijiona kama Uislamu wa kijiji kizima umetoka kwao. Sala tano hazikumpita, na saumu ndiyo usiseme. Ila kusamehe, thubutu!

Ndani ya kasha aliweka sanda yake mwenyewe, bafta nyeupe, vipande vitano vya mwanamke, vimefukizwa udi. Aliinunua mjini Morogoro kabla ya vita vya Hitla. Vita vilipopamba moto nguo zikaadimika, watu wakavaa magunia, na hapo ndipo mtoto mchanga wa Mjomba Kibwana alipofariki. Mjomba alikuwa mwana wa pekee wa kiume wa Bibi. Akaja kuomba kipande kimoja cha kumsitiri mwanawe.

"Kwa nini niombwe mimi?" Bibi alisema. "Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Nendeni kwao Mwanaidi."

Mwanaidi ndiye mke wa Mjomba, mkaza mjomba wangu. Mtoto akazikwa kwa kitambaa cheupe, wala hatukuuliza kilikotoka. Ilipofika Rajabu Bibi akafungua kasha aianike sanda, akakuta vipande vinne.

"Ni yule mwanamke," aliniambia, macho yamemwiva. "Na asomewe Albadiri."

Kwa asiyejua, Albadiri ni kisomo cha majina ya wale mia tatu na kidogo waliosimama na Mtume pale Badri, mwezi wa Ramadhani, wachache mbele ya wengi. Kwetu iliaminika kwamba aliyedhulumiwa akisomewa majina yao, mwenye kosa hadumu. Masheikh wengi wa leo wanasema hayo hayamo katika dini. Nawasikia. Lakini wakati ule hata Wakristo wa misheni wakilisikia neno hilo walirudisha kuku wa watu.

Shehe wetu alimsihi. "Bi mkubwa, wale walipigania dini, hawakupigania bafta. Tena kisomo hiki hakiulizi ukoo wa mtu. Kikitoka kimetoka."

"Wao walidhulumiwa, nami nimedhulumiwa. Soma!"

Ikatangazwa msikitini kwamba mwenye kipande akirudishe kabla ya Ijumaa ya pili. Hakuna aliyerudisha. Siku hiyo baada ya sala tukakaa uani kwa Bibi, ubani ukifuka, Shehe akasoma majina na sisi tukiitikia amina. Nilimkazia macho mkaza mjomba, nikaitikia kwa nguvu kuliko wote, nikitaka aanguke palepale. Mjomba alikaa kando ya mama yake. Naye akaitikia amina, moja baada ya nyingine, jasho likimtiririka.

Jumatatu yake akaacha kula. Siku ya sita hawezi hata kuketi, akasema, "Mama, ni mimi. Nilikichukua mwenyewe. Mwanaidi nilimwambia nimepewa na rafiki."

Shehe akaja mbio. "Msamehe sasa hivi, tusome dua ya kutengua."

Unadhani alisamehe? "Kwanza yule mwanamke aachwe. Ndiye aliyempumbaza mwanangu."

Mjomba akakataa kutoa talaka. Wakavutana siku tatu, mama na mwana, mwana akiwa hajiwezi. Siku ya nne Mwanaidi akafunga mzigo wake mwenyewe, akavuka mto kurudi kwao, ili mumewe apone. Bibi akatamka "nimesamehe", mdomo tu. Mjomba alikata roho kabla ya alasiri. Watu wakasema Albadiri imempata. Mimi siku hizi nasema ni hofu, na njaa, na ukaidi wa mama yake.

Toka siku ile nilimchukia Bibi. Nilimpikia, nilimtekea maji, nilimpa shikamoo yake kila asubuhi, na nilimchukia. Zile amina nilizoziitikia kwa sauti nilimtwika zote yeye, mimi nisibaki na hata moja.

Miaka ikapita. Mjini walishaanza kuzungumza habari za uhuru, nami nimeshaolewa, Bibi alipopatwa na maradhi ya mwisho. Akaniita.

"Mjukuu wangu, nenda ng'ambo ukaniitie Mwanaidi. Nataka radhi yake. Nikienda bila radhi yake, nitamwambia nini Mungu?"

Nikaenda mpaka mtoni. Nikakaa juu ya jiwe, nikaosha miguu, nikala ndizi mbili. Jua lilipopinda nikarudi.

"Amekataa," nikamwambia.

Akageukia ukutani. Siku ya pili yake alifariki. Sikulia. Nilifurahi, na nalisema hilo kwa sababu nimechoka kulificha.

Siku ya tatu ya matanga Mwanaidi akaja na mkungu wa ndizi kichwani. Alilia kuliko sisi wafiwa. Kisha akanivuta kando.

"Mbona hamkuniita, mwanangu? Mimi nilikwisha kumsamehe zamani. Mngemtuma hata mtoto, ningekuja mbio."

Nikampokea ule mkungu, nikaupeleka jikoni. Ilinichukua miaka kumi kumweleza ukweli, akalia tena, na mimi pia akanisamehe.

Leo nina umri wa Bibi, na sala hazinipiti. Mungu nimemwomba sana, naye ni Mwingi wa kusamehe. Lakini tulifundishwa chuoni kwa Shehe kwamba haki ya mja husamehewa na mja mwenyewe. Aliyebaki ni Bibi. Nami namjua Bibi.