Siku Niliyoizamisha Mombasa kwa Kalamu

Hii aibu sijawahi kuisimulia bila kuinamisha kichwa, lakini kwa kuwa mmeniomba na chai bado ipo, sikilizeni, mnicheke mara moja yaishe.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa karani mpya wa hali ya hewa hapa Nakuru, kazi yangu kupokea telegramu kutoka kila mahali, zote tarakimu tupu, na kuzifumbua. Sasa kile kipimo cha uzito wa hewa usawa wa bahari kililetwa kimekatwa kichwa ili telegramu iwe fupi: Mombasa ikisema 132, ni wewe karani ujue kama mbele unarudisha 10 au 9, halafu utie nukta kabla ya tarakimu ya mwisho. Mchana huo mkubwa wetu alikuwa ameenda kula, mimi nikajiona bingwa, nikasema ya nini kumngoja, nikaweka 9. (Msicheke bado! Kipimo chetu wenyewe, huku juu, kilikuwa kila siku mia nane na kitu, kwa hivyo elfu niliiona ni makuu.) Ikawa mia tisa kumi na tatu nukta mbili. Nikaridhika kabisa, mpaka nikakumbuka tulivyofundishwa, kwamba baharini kipimo kikishuka hivyo, hicho ni kimbunga cha kung'oa nyumba.

Na Rebeka wangu alikuwa Mombasa! Alikuwa yaya wa Wazungu wa shamba, wamekwenda naye pwani likizo. Nasema wangu, ingawa baba yake, Mzee Zakayo, alikuwa ameshanikataa: "Karani wa upepo atalisha mtoto yangu na nini?"

Nilitoka mbio mpaka kwao, nikakuta ua umejaa akina mama wa kanisa, na badala ya kusema polepole nikapiga kelele, "Mombasa imekwisha! Rebeka!" halafu nikakaa vumbini nikalia, kilio cha kamasi, mbele ya watu wote. Akina mama wakapokea. Mtu akagonga kengele ya kanisa, na kabla sijajifuta uso mtaa mzima ulikuwa unanifuata ofisini kutaka habari zaidi, Mzee Zakayo amenishika mkono.

Hayo tisa, kumi ni kwamba mkubwa wetu, Mzungu, alikuwa amesharudi. Akasoma karatasi yangu, akatazama umati, akasoma tena.

"Kimbunga wapi? Upepo kidogo, mawingu kidogo, wewe hapana soma? Mombasa iko elfu moja kumi na tatu! Nani naweka tisa hapa?"

Mama mmoja akaangua kicheko, na wote wakafuata. Nilijua kazi imekwenda na mke amekwenda.

Lakini mkubwa alinirudishia kalamu tu: "Andika tena." Na Mzee Zakayo hakucheka. Alingoja watu watawanyike, akanipangusa vumbi mgongoni.

"Kijana, hesabu hujui. Lakini umelilia mtoto yangu kabla mimi sijamlilia. Leta wazee wenu."

Tangu hapo sijaongeza tarakimu bila kuuliza, na sitaongeza. Rebeka ndiye huyo anayewamiminia chai, anajifanya hasikii. Akitaka kunichokoza huniuliza Mombasa leo ni ngapi, nami humjibu elfu, mama watoto, elfu, na moyoni namshukuru Mungu kwamba siku ile nilikosea.