Émérence, roboti yake na ukingo wa wanaume

Jua bado halijachoma juu ya shimo la mgodi lililojaa maji, nje kidogo ya Kambove, kusini-mashariki mwa Kongo. Émérence Kisimba amepiga magoti kwenye tope, upande wa wanawake waosha mawe ya shaba, akiishusha majini roboti aliyoiunda kwa mabomba ya plastiki na mota za pampu za gari. Ameipa jina Kapenta, kama dagaa wa ziwani. Inazama ikivuta waya wake.

"Sasa iseme yenyewe iko wapi," anasema, macho kwenye kompyuta. Nukta kwenye skrini inarukaruka.

Kazi yake yote iko hapo. Mtafiti huyu wa miaka thelathini na sita, mkazi wa Shituru na msaidizi katika chuo kimoja cha ufundi mjini Likasi, amehangaika miaka minne na swali moja: roboti itajuaje mahali ilipo chini ya maji, ambako mawimbi ya setilaiti hayafiki? Dira haifai kitu, maana reli na vyuma vilivyoachwa humo vinaipotosha. Basi Kapenta husikiliza. Émérence hutundika majini vyombo vinavyolia, nayo hupima kila mlio umechukua muda gani kuifikia.

Wala huu si mchezo wa maabara. Ng'ambo ya maji, mdogo wake Gaston alikuwa akichimba na wenzake kwenye handaki linaloelekea shimoni. Hakuna aliyejua mwamba uliobaki kati yao na maji una unene gani. Ukitoboka, hatoki mtu.

Mwaka jana Kapenta ilipima ukuta ule wa mwamba ikaleta majibu ya kuchekesha, mara iko katikati ya shimo, mara iko ndani ya mwamba. Vyombo vyote viwili vilikuwa upande wa wanawake. Ni kama kuitwa gizani na watu wawili waliosimama bega kwa bega. Kilihitajika cha tatu, ukingo wa pili.

Na huko mwanamke hakanyagi. Wachimbaji wanaamini kuwa akikanyaga, madini yanatoweka. Barthélemy, kiongozi wa ushirika wao, hakumung'unya maneno: "Mama, weye baki na ba mama benzako. Ukifika huku, mawe itakimbia. Na ile jouet yako ya kuchezea, peleka ku batoto."

Émérence akawapa wanaume chombo wakifunge wao. Walikivika mifuko ya plastiki, mmoja juu ya mwingine, kama wanavyofanya simu zao zisilowe. Hewa iliyobaki ndani ikaumeza mlio wote.

Uvumilivu ukamwishia. Mwezi Juni alivua viatu, akalizunguka shimo, akapita katikati ya zomeazomea yao na kukifunga mwenyewe.

"Haikuwa woga, ilikuwa kasirani," anasema. "Kama mawe inakimbia juu ya miguu yangu, ikimbie. Mudogo wangu abaki."

Siku hiyo nukta ilitulia. Gaston alipima handaki kwa kamba, wakalinganisha. Mwamba uliobaki haukufika mita mbili.

Barthélemy aliita majibu hayo uchawi wa kompyuta, akaamuru watu warudi kazini. Gaston akaweka sururu chini.

"Yaya, dada yangu mukubwa, amenionyesha maji iko wapi. Papa Barthélemy, ingia weye wa kwanza."

Barthélemy hakuingia. Handaki lile likafungwa, na Émérence akapigwa marufuku kukanyaga ukingo wa pili badala ya kupewa asante. Inauma, na yeye haifichi.

Lakini yamebaki mahandaki mawili mengine, na watu wamo ndani. Anataka kuyapima yote kabla ya mvua, kisha mashimo mengine yaliyojaa maji kuanzia hapa hadi Likasi.

Ndiyo maana asubuhi hii anakichukua chombo cha tatu, anakunja kitenge chake juu ya magoti. Mama Marceline, aliyezeekea kwenye kuosha mawe, anajifuta mikono na kuinuka pamoja naye. Wengine wawili wanafuata. Ng'ambo, wanaume wameanza kupiga kelele.

"Baambie bashike mawe yabo muzuri," Émérence anasema. "Minye niko nakuja."